Wiki ya sita tangu nifunguliwe kifua: lini nitasonga ugali tena?

MamaLishe_Mbagala

Habari za jioni wanajukwaa. Hodi kwanza, maana huku kwenye afya huwa napita kimyakimya nasoma tu na kuondoka.

Mimi ni mama lishe, nina miaka 41, banda langu liko Mbagala. Nilibadilishiwa valvu ya mitrali, yaani mlango mmojawapo wa damu ndani ya moyo, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na keshokutwa Jumanne natimiza wiki sita, ndiyo siku yangu ya kliniki. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni ambayo nyumbani tuliyatibu kwa maji ya chumvi. Nimekuja kujua yalishuka hadi kwenye moyo nikiwa na mimba ya mwisho, nikipanda kilima kidogo nahema kama nimefukuzwa. Valvu niliyowekewa ni ile ya chuma. Usiku nyumba ikitulia naisikia, tik, tik, tik. Kitinda mimba wangu huweka sikio mgongoni kwangu, anasema mama kameza saa.

Sasa jamani. Siku naruhusiwa niliambiwa nisinyanyue kizito, nisisukume, nisivute. Nikaitikia. Nimefika nyumbani ndio naona kazi yangu yote ni kunyanyua, kusukuma na kuvuta! Ndoo, masufuria, gunia la mkaa, mbuzi ya kukunia nazi. Ijumaa mdogo wangu kaenda sokoni, nikasema ugali wa watu watatu ni kitu gani, nikashika mwiko. Sikugeuza hata mara tatu, nikasikia kitu katikati ya kifua kama mlango wa kabati ulioachia bawaba. Nikaacha palepale, ugali ukaungulia jikoni. Hakuna damu wala usaha na maumivu yametulia, ila tangu hapo naogopa hata kupiga chafya.

Kwa mliopita njia hii: lini nitasonga ugali? Shoga zangu wamenipiga marufuku mchicha na matembele kwa sababu ya wafarini, vile vidonge vya kuzuia damu isigande, ni kweli? Na mwisho, nalia. Jana nimelia kwa sababu sufuria ilikosa mfuniko. Hii nayo ni ya moyo au nimechanganyikiwa?

Banda yupo mdogo wangu. Wali wake unaliwa kwa kijiko cha uji. Wateja wananipigia simu.

KondaMstaafu

Pole mama, na hongera kwa kuvuka.

Mimi nilipasuliwa India mwaka 2013, enzi zile wengi tulikuwa tunapelekwa huko. Yangu haikuwa valvu, mishipa iliziba, wakachomoa mshipa mguuni wakaupandikiza kwenye moyo. Hakuna aliyeniambia kuwa mguu utaniuma kuliko kifua.

Kuhusu kulia usiulize. Dume zima, nimeshusha abiria wakorofi miaka ishirini, nililia kwa sababu chai imekosa tangawizi. Mke wangu akadhani nimerogwa huko nilikotoka. Ilinishika kama miezi miwili ikaisha yenyewe. Ila ikikuzidi, ukawa huli wala hulali, waambie kliniki, wanaijua hiyo.

Chafya: tafuta mto mdogo, ukae nao kama mtoto. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au hata kucheka, ukumbatie kwa nguvu kifuani. Mimi wangu ulikuwa na maua, nikashuka nao uwanja wa ndege mbele za watu.

Kutembea ndio kulinirudisha. Nilihesabu nguzo za umeme. Siku ya kwanza nguzo moja kwenda na kurudi, halafu naongeza moja kila baada ya siku mbili. Kuna siku nilijisikia kijana nikaunga nguzo kumi na mbili kwa mkupuo, nikalala kitandani siku mbili. Kipimo changu kilikuwa maneno: nikishindwa kuongea huku natembea, nimezidisha.

Bodaboda sahau kwa sasa. Na kwenye daladala usishike bomba la juu, gari likifunga breki utavuta kifua chote. Omba kiti. Ukinyimwa, fungua vifungo viwili waone mshono.

Sista_ZamuYaUsiku

Dada, mimi ni muuguzi. Kabla ya ugali tuanze na huo mlango wa kabati.

Mfupa wa kidari ulikatwa katikati ukafungwa kwa nyaya. Unahitaji wiki sita hadi nane kushikana, na kukomaa ni kama miezi mitatu. Weka kiganja juu ya mshono, kohoa taratibu. Ukisikia mfupa unacheza au unasagana, nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kliniki. Hivyohivyo ukipata homa, mshono ukiwa mwekundu au ukitoa maji. Na hata usiposikia kitu, Jumanne waeleze ulivyosikia.

Watu huogopa ndoo wakadharau mwiko. Ugali ukishaanza kukaza unasukuma kwa mikono yote miwili huku unazungusha kiwiliwili, na nguvu hiyo yote inapita hapohapo palipokatwa. Kukuna nazi ni ndugu yake. Subiri wiki ya 12 na daktari akukague, kisha anza na uji, uje ugali wa mtu mmoja. Kwa sasa usizidishe kilo mbili tatu. Birika ijazwe nusu, maji yachotwe kwa jagi.

Mchicha kula! Unachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini, na dozi yako imepangwa kulingana na unavyokula. Ukiacha ghafla damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, ukifakamia ghafla inaganda, na valvu ya chuma haitaki damu inayoganda. Kwa valvu kama yako INR, kile kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, huwa tunaitaka kati ya 2.5 na 3.5, ila fuata namba uliyoandikiwa kwenye kadi yako. Usiruke kipimo wala kidonge.

Maumivu yakija, diklofenaki ya dukani hapana. Ukienda kung'oa jino, sema mapema una valvu. Uliza pia kama utaendelea na sindano za penisilini, za kuzuia ugonjwa wa mafindofindo usirudi kwenye moyo. Na kama bado unaweza kushika mimba, ongea na daktari kwanza, wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na lile ambalo hujauliza lakini baba watoto anauliza: ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana, moyo unaruhusu. Ila kifua kisibebe uzito wa mtu.

Mtaalamu_Mizizi

Dada achana na vidonge vya wazungu. Unga wa mlonge kijiko asubuhi, kitunguu saumu punje tatu usiku. Moyo utakuwa wa farasi.

Sista_ZamuYaUsiku

Kaka, mlonge umejaa hiyohiyo vitamini K, na saumu kwa wingi inaongeza kuvuja damu. Unamvuta mgonjwa huku na huku kwa siku moja. Saumu ya kwenye mchuzi tu inatosha, dada.

MamaLishe_Mbagala

Nimerudi. Jumanne nilienda, wakabonyeza kifua, nikakohoa, nikapigwa picha. Nyaya ziko mahali pake, mfupa haujaachia. Daktari aliposikia habari ya mwiko alinyamaza, akaandika kwenye faili, akaniambia hadi wiki ya 12 mimi ni bosi, nikae kwenye kiti nitoe amri.

Basi leo nimeshinda bandani nimekaa, mto mapajani. Nimechambua mchicha, nimepokea hela, nimemwonyesha mdogo wangu maji ya wali yanapimwaje kwa kidole. Mtu mmoja kanambia nimenenepa. Baba watoto nimemsomea ile ya ghorofa mbili, anasema Mbagala nyumba zote za chini, tutapimia wapi.

Mzee KondaMstaafu, nguzo za mtaani kwetu zimeachana sana. Naweza kuhesabu maduka ya Mangi?

KondaMstaafu

Hesabu maduka mama. Ila kila duka usisimame kusalimia, utafika la pili magharibi.