Kombe za Fumba zimeenda wapi?

MwanaPwani: Jamani wenyeji wa Unguja naomba kuuliza, juzi bamvua, maji yakipwa sana, nilienda na shangazi pwani ya Fumba kuokota kombe (wale wa magamba mawili wanaojificha mchangani), tumechokoa mchanga tangu maji yanaanza kupwa mpaka yanarudi, hata nusu ndoo hatujapata na nyingi ni vitoto kama kifungo cha koti. Bibi alikua anajaza pakacha jua halijawa kali. Ni joto au nini?

BabaChaza: Mlivirudisha hivyo vifungo? Maana hapo ndo penyewe, kombe ikiokotwa haijataga hata mara moja, mwakani utachokoa mchanga mtupu. Halafu watu wameongezeka, pwani ileile.

Dada_Bweleo: Uokotaji upo ila si peke yake. Kombe anakula kwa kuchuja maji, kwahiyo mkoko ukikatwa tope likaja, au maji ya vyoo yakamwagwa baharini, yote anayapitisha tumboni. Na ukiacha jiwe umelipindua walio chini wanakufa kwa jua. Huku kwetu akina mama waliwahi kutenga vipande vya pwani visiokotwe, wengine wakaingia kwenye kufuga chaza wa lulu, shida mgeni asiyejua anakuja na ndoo zake 😅

MwanaPwani: Duh, vile vidogo shangazi kashavitia nazi. Alafu ile damu nyekundu ikipasuliwa ni kawaida?

BabaChaza: Kawaida kabisa, ana himoglobini, ile inayofanya damu iwe nyekundu, kama wewe. Nazi ilikolea lakini?