Tupeane uzoefu: Ndege amejenga kiota bustanini kwako msimu wa kupanda, ulifanyaje?

Mama Nasra, Kimara

Wakuu, habari za jioni. Tangu jana kuna jambo limenikaa moyoni, nimeona nilitue hapa.

Mvua za masika zimeanza, nami kama kila mwaka nikamwita kijana anipunguzie ua wa michongoma. Mnaojua michongoma mnaelewa, wiki mbili za mvua tu inageuka pori. Kijana akaanzia getini, mimi nikawa nyuma ya nyumba nahamishia miche ya bamia na nyanya chungu kwenye tuta. Mara nasikia kelele kali, chip-chip-chip bila kupumua. Kwenda kutazama, kuna kindege hakifiki hata kidole gumba kwa unene kinamrukia kijana usoni, kinarudi kwenye bogenvilia, kinamrukia tena.

Kumbe pale linapolalia tawi la bogenvilia palining'inia kitu ambacho wiki nzima nilidhani ni takataka zilizonaswa na buibui. Nikasogea. Majani makavu, vipande vya magome, vinyuzi vya kanga yangu mwenyewe iliyochanika, vyote vimeshonwa kwa utando wa buibui. Ubavuni pana kitundu, na juu ya kitundu pana kipaa kidogo kama kibaraza ili mvua isiingie. Kiota cha chozi, yule kindege anayefyonza maua. Ndani midomo miwili imefunguka kutusubiri sisi tuilishe.

Mkasi ulikuwa umeshakata tawi la pembeni yake. Upana wa vidole viwili tu.

Nimesimamisha kazi, nimefunga kamba kuzunguka pale. Sasa ua nusu umenyolewa, nusu msitu, na jirani kaniuliza kama hela ya kijana iliniishia. Nyie mkikuta kiota katikati ya kazi za bustani mnafanyaje? Mnasubiri? Mnahamisha? Nipeni uzoefu.

Mzee wa Matuta, Tanga

Usihamishe. Nakuomba sana mama, usihamishe. Chozi anajua tawi lake. Ukilipeleka mita tatu pembeni anarudi pale pale pa zamani na chakula mdomoni, anazunguka, na makinda wanalia huko ulikowapeleka.

kisamvu_lover

Subiri tu. Michongoma haina haraka.

Shemeji wa Njiro, Arusha

Mama Nasra umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia hata nyumbani.

Mwaka juzi nilikuwa na matuta sita ya sukuma wiki na kabichi. Vidukari na viwavi vikanizidi. Nikaenda dukani kununua dawa, muuzaji akanipa chupa na kuniambia changanya kizibo kimoja kwa ndoo, kinamaliza kila kitu. Nikapulizia jioni kwa bomba la mgongoni, nikajisikia mwanaume kweli.

Kwenye mkomamanga wangu, hatua nne kutoka matuta, shore walikuwa na kiota. Mnamjua shore, yule wa kichwa cheusi mwenye manjano chini ya mkia, anayeamsha nyumba nzima alfajiri. Kiota chake ni kikombe tu cha vijiti na nyuzi, unaona mpaka ndani. Walikuwa makinda watatu, siku ile ile nilikuwa nimewaona wameanza kuota manyoya ya mabawa.

Asubuhi nakunywa chai barazani, naona baba na mama wanashuka kwenye kabichi, wanaokota viwavi vilivyolegea, vile ambavyo havikimbii tena, wanapeleka mtini. Safari baada ya safari. Nikafurahi, nikasema naam, wananisaidia kuokota. Wallahi nilifurahi. Saa nne nikaona mama shore amesimama ukingoni mwa kiota na kiwavi mdomoni, hakuna mdomo unaofunguka. Akamgusa mmoja. Akamgusa mwingine. Akasubiri. Akaondoka na kiwavi, akarudi nacho kile kile.

Nilipanda ngazi. Wawili walikuwa wameshapoa, wa tatu anatikisa shingo. Hakufika adhuhuri.

Wengi wa ndege hawa wadogo, hata wale wanaokula matunda na nafaka wakubwapo, makinda wao wanawalea kwa wadudu. Nilikuwa najua hilo. Nililijua na bado nikapulizia.

kisamvu_lover

Pole sana mkuu. Nimeisoma mara mbili.

Bi Hidaya wa Mvita, Mombasa

Pole ndugu yangu. Mimi siku hizi natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, napuliza na sabuni kidogo. Na mchicha wenye kiota karibu siugusi kabisa.

Fundi Bomba

Mwarobaini kwa viwavijeshi vamizi kwangu haukufua dafu. Vile viliingia nchini 2017 na vimewashinda wakulima wakubwa. Tia majivu au mchanga laini kwenye moyo wa mhindi, pale majani mapya yanapochomoza, ndiyo dawa.

Mzee wa Matuta, Tanga

Kwenye mahindi sawa. Mwenzako anazungumzia mchicha. Ukiwa na matuta mawili ya uani, viwavi vinaokoteka kwa mkono huku unasikiliza taarifa ya habari.

Fundi Bomba

Haya. Lakini tusiwafanye ndege wote malaika. Mimi nina minazi mitatu Kibaha. Kwelea wameichana makuti mpaka imebaki mifupa. Migomba vile vile. Nimechukua mti mrefu nikaangusha viota vyote, karibu arobaini. Na nitaangusha tena.

Mwalimu wa Ifakara

Mkuu, hao si kwelea. Sisi huku bonde la Kilombero kwelea tunawajua, wanakuja kama moshi juu ya mpunga, na hawana shida na mnazi wako. Hao wa kwako ni mnana, dume wa njano. Anakata ukingo wa kuti kwa mdomo, anaruka nao na kuuchana kama mkeka, halafu anaufuma. Tafadhali usiwaue watu kwa jina la wengine.

Fundi Bomba

Mnana, kwelea, hasara ni yangu.

Mwalimu wa Ifakara

Hasara gani? Nazi zimepungua? Kuti lililochanwa bado ni kuti, kole linaendelea kuzaa. Na kabla hujaangusha, ulitazama ndani?

Fundi Bomba

Sikutazama.

Dada Rehema, Bagamoyo

Naomba niwaamue kwa nilichokiona. Mnana dume ndiye anayefuma. Akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa, anaita. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi. Akikubali anatandika ndani. Asipokubali, kile kiota kikikauka na kuwa cha kahawia dume anakibomoa mwenyewe na kuanza kingine cha kijani. Mwaka jana nimeokota vilivyoanguka chini ya mnazi wangu zaidi ya kumi, vyote vitupu. Kwa hiyo ukiona vimejaa chini usidhani ni upepo au mtoto mtundu. Ila Fundi, kilichobaki juu na jike anaingia na kutoka, hicho kina mayai. Kiache.

Fundi Bomba

Nimesikia, dada. Vipya vitano vimeshaanza. Nitaviacha.

Mama wa Bundi, Morogoro

Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi. Leo naandika.

Tulihamia nyumba yetu Kihonda wakati wa vuli. Nikalima nyuma, matembele, mahindi kidogo, maboga. Panya walikuwa wengi kiasi kwamba mbegu za mahindi zilifukuliwa usiku ule ule wa kupandwa. Baada ya miezi kadhaa tukaanza kusikia kitu darini. Sauti ya mtu anayekoroma. Siyo mmoja, wengi. Inaanza magharibi, inakoma alfajiri. Mama mkwe alikuwa kwetu. Siku ya tatu akafunga mizigo, akasema nyumba hii mmeuziwa na wenyewe wamo ndani.

Mume wangu akapanda na tochi. Alikaa juu muda mrefu mpaka nikaogopa. Akaniita. Nikapanda.

Walikuwa wanne. Weupe, uso kama moyo uliochorwa, macho meusi. Wamesimama mstari na kila mmoja na kimo chake, kama watoto wa nyumba moja wanaopigwa picha, kwa sababu bundi hawaanguliwi siku moja. Walitukoromea wote kwa pamoja huku wanayumba. Sakafuni, ndani ya vumbi la dari, kulikuwa na madonge makavu ya manyoya. Mume wangu akapasua moja kwa kidole. Fuvu la panya, meno yake ya njano yamo yote.

Tukaamua kunyamaza. Mbegu zangu zikaota msimu ule. Zote.

Kisha nyumba ya tatu kutoka kwetu kukawa na mgonjwa, mzee wa watu, aliugua muda mrefu. Akafariki. Watu wakiwa msibani wakamwona bundi jike anatoka kwenye pembe ya paa letu, mweupe, kimya kabisa, maana yule hana mlio wa mabawa. Siku ya pili wakaja. Sitasema ni kina nani, tunaishi nao. Walikuja na mawe na manati, wakasema tunafuga kinachowaita wafu. Mume wangu alikuwa safarini. Nikasimama mlangoni, wanangu wawili nyuma yangu. Niliwaambia wapande darini waone panya anavyoliwa. Mmoja akaniita jina ambalo siliandiki.

Giza lilipoingia jike akatoka kama kawaida yake. Walimpiga. Alianguka kwenye matembele yangu, bawa limefunguka juu ya majani. Nilimwokota baada ya wao kuondoka. Alikuwa mwepesi. Sikutegemea, ndege mkubwa vile ukimbeba huhisi uzito.

Usiku ule makinda walikoroma mpaka asubuhi. Sikulala, nilikaa chini ya lile dari nikawasikiliza. Usiku wa pili nikasikia makucha kwenye bati. Dume. Alikuja na panya, akaondoka, akarudi. Alifanya hivyo peke yake wiki kwa wiki. Wawili wadogo hawakumudu. Wawili waliruka.

Hawajarudi tena. Panya wamerudi. Shuleni wanangu waliitwa watoto wa mama bundi muda mrefu, ndiyo maana nimejiandikisha kwa jina hili. Nalipenda.

kisamvu_lover

Nimeshindwa kuendelea na kupika.

Bi Hidaya wa Mvita, Mombasa

Mama, Mungu akulipe. Kile kimo kama ngazi nimekiona kabisa.

Kapteni, Bukoba

Pole dada, lakini tuseme ukweli. Wazee hawakusema ovyo. Bundi akilia juu ya nyumba, jambo lipo.

Ustadh wa Vingunguti

Mkuu, kwa sisi Waislamu hili limeshajibiwa. Mtume (S.A.W.) alikanusha tiyara, yaani kuamini mkosi kupitia ndege, na katika hadithi hiyo hiyo bundi ametajwa. Mzee alifariki kwa siku yake iliyoandikwa. Aliyepigwa mawe alikuwa anatafutia watoto wake chakula.

Kapteni, Bukoba

Sijasema wampige. Hilo sijalisema. Mama wa Bundi, nisamehe kama nimekuumiza.

Mama wa Bundi, Morogoro

Hujaniumiza, kaka.

Bi Hidaya wa Mvita, Mombasa

Ila kama kuna wa kupigwa vita ni kunguru hawa wa kijivu. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka za mji, leo wametapakaa pwani nzima. Kwangu wamemaliza mayai ya tetere mara tatu. Tetere maskini, kiota chenyewe vijiti vichache, mayai mawili meupe yanaonekana kutoka chini. Mwaka 2024 shirika letu la wanyamapori huku Kenya, KWS, lilitangaza kampeni ya kupunguza kunguru milioni moja. Mimi niliunga mkono.

Shemeji wa Njiro, Arusha

Kwa sumu? Baada ya niliyoyasimulia hapo juu?

Bi Hidaya wa Mvita, Mombasa

Mimi nataka mtego ndugu yangu. Na kwa kufunika taka. Jaa likiwa wazi, kunguru hawezi kupungua.

Jirani Mwema

Na paka je? Mfungieni ndani asubuhi makinda wanapojifunza kuruka. Au mfungeni kengele.

Mzee wa Matuta, Tanga

Kengele paka wangu alijifunza kutembea bila kuiliza. Kumfungia ndiyo jibu. Na wekeni maji kwenye kigae.

Fundi Bomba

Maji yakikaa ni mbu, na mbu ni dengue.

Mzee wa Matuta, Tanga

Ndiyo maana yanabadilishwa kila asubuhi, Fundi.

Mpemba wa Leicester

Niko Uingereza miaka tisa. Huku ndiyo kwanza majira ya baridi yanaisha, watu wanatoka na majembe. Nilitaka kukata ua wangu mwezi wa nne, jirani bibi wa miaka themanini akanijia mbio kwenye uzio. Akaniambia kuharibu kiota chenye ndege ni kosa la jinai, sheria ya 1981, na wenyewe hapa kuanzia Machi hadi Agosti hawagusi ua kama wanaweza. Kuna kindege chao kinaitwa robin, kifua chekundu. Nikichimba kinakaa kwenye mpini wa jembe la pili, nikigeuza udongo kinashuka kuchukua mnyoo hatua moja na mguu wangu. Mwaka jana kilijenga ndani ya birika bovu nililolitupa bandani. Nilikosa kuingia bandani mwangu mwezi mzima, na mashine ya nyasi ilikuwa humo.

Dada Rehema, Bagamoyo

Nyasi zilifika wapi?

Mpemba wa Leicester

Magotini.

Mama Nasra, Kimara

Jamani nimesoma yote, kuna mahali nimelia. Mama wa Bundi, ukija Dar nyumba yangu ni yako.

Niwape habari. Leo ni siku ya nane. Asubuhi kinda wa kwanza alitoa kichwa, kisha kifua, akakaa kwenye kile kibaraza kama anayesubiri daladala, mvua inanyesha. Akaenda mpaka kwenye mshubiri, hatua tatu. Wa pili akamfuata mchana. Nikadhani yamekwisha, nikampigia kijana aje kumalizia ua kesho.

Saa kumi na mbili jioni nimetoka kuanua nguo, naona mama chozi anawaita, wanarudi mmoja mmoja, wanajisukuma wote wawili ndani ya kile kiota ambacho sasa kimewabana, mkia wa mmoja umebaki nje.

Nimempigia tena kijana. Nimemwambia asije.