Mrejesho: dada na dawa ya wasiwasi, Kigoma

Wakuu, niliuliza kama dada aache diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi), na kama kuna dawa mpya ya ugonjwa wa wasiwasi. Asanteni sana, tulimwona daktari kama mlivyoshauri. Kaanzishiwa sertralini, dawa ya kila siku ya wasiwasi na sonona: nusu kidonge, yaani miligramu 25, asubuhi baada ya kula, wiki 1, kisha 50. Siku 10 za mwanzo kichefuchefu na kutotulia vilizidi. Bila onyo lenu kwamba nafuu huja wiki ya 4 hadi ya 6, tungeacha. Sasa moyo haumwendi mbio usiku. Diazepamu daktari anaipunguza kidogo kidogo, maana kuikata ghafla huweza kuleta degedege. Kupanda boti ziwani bado hawezi kabisa, kwa hofu. Ile dawa mpya ya wasiwasi, MM120 ya Marekani (aina ya LSD), ingali kwenye majaribio, msikubali kuuziwa.