Msaada: laptopu ya gemu yenye kioo kikubwa kwa milioni 1.8, nipo Mtwara

ChunoMpya (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini. Nahitaji laptopu ya kuchezea gemu, kioo kikubwa, inchi 17 na kuendelea, maana vile vya 15 vimenichosha macho. Bajeti ni 1.8m, iliyotumika sawa tu mradi isiwe imechoka. Gemu zenyewe ni FC ya mpira, GTA V na zile za magari. Pia kuna kazi ndogo ndogo ya kuhariri video za harusi na za kutoa mwali. Madukani huku nikiuliza naonyeshwa za ofisini. Nichukue ipi? Naomba majibu leo leo.

Kangomba_Mstaafu
Nunua PS4, TV unayo, chenji inayobaki kula pweza Feri. Laptopu ya gemu ni feni iliyowekewa kibodi.

Fundi_Magomeni
Achana na huyo. Mkuu, kioo kikubwa hakichezi gemu, kinachocheza ni GPU, yaani chipu ya kuchakata picha, anzia hapo. Kwa hela yako, za inchi 17.3 utakazokutana nazo nyingi ni ASUS TUF F17 na Acer Nitro 5. Usisome tangazo, geuza mashine usome namba ya modeli. Nitro ikiwa AN515 hiyo ni 15.6, AN517 ndiyo 17.3. TUF ikianza na FX506 ni 15.6, FX706 ni 17.3. Watu wanauziwa 515 kwa bei ya 517 kila siku kwa sababu kwenye picha hazina tofauti.

Ndani utakuta GPU ya NVIDIA, GTX 1650 au RTX 3050, nyingi zenye kumbukumbu yake ya GB 4. FC na GTA V zinakwenda vizuri tu. Kioo tafuta cha 144Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikiwa GB 8 kijiti kimoja, ongeza kingine cha GB 8, maana vikiwa viwili vinafanya kazi kwa pamoja na gemu linaacha kukwamakwama. Jua pia kwamba hizi ni mashine za mezani kwa tabia: ina kilo mbili na nusu na ushee, na ukichomoa chaja tu gemu linapoteza kasi. Chaja zake ni za wati 135 mpaka 200, siyo zile za simu. Nyumbani una umeme au sola?

ChunoMpya
Umeme upo, unakatika tu. Asante sana fundi. Hivi HP Victus ya 17.3 unaionaje?

KoroshoGhafi
GTA V peke yake ni zaidi ya GB 100. Una bando la aina gani ndugu yangu? Mimi nilipakua gemu moja usiku kucha, asubuhi likafika asilimia 96 na bando likakata roho. Mke wangu hakuniongelesha mpaka Ijumaa, kumbe lilikuwa bando lake.

BintiMikindani
Kaka, kama shida ni macho, kwa nini usichukue ya 15.6 yenye GPU nzuri zaidi, kisha ukanunua monita iliyotumika ya inchi 24? Unachomeka HDMI, basi. Mimi ndivyo ninavyofanya kazi za michoro, na hela iliyobaki nikanunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo monita inazimika hivi hivi.

Halafu kama unakaa karibu na bahari kama sisi, jipange. Hewa ya chumvi inakula vyuma. Mabati yetu tumebadilisha, baiskeli ya baba imebaki mifupa. Laptopu yangu ya kwanza feni zilianza kulia kama zinaomba msamaha, fundi alipofungua akanionyesha vumbi na kutu. Sasa hivi naifunika kila jioni na naipeleka kusafishwa na kubadilishiwa grisi ya prosesa.

ChunoMpya
Monita hapana dada, chumba kidogo. Na Victus inakuja na kioo chake kikubwa hapo hapo, kila kitu kimoja. RTX 3060 ya GB 12, RAM 16. Mtu akiipata kwa 1.8m si kaokota?

Mzee_wa_Kiyangu
Nyie vijana mna matatizo. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba, mimi nilikaa nikasubiri hela yangu huku jirani yangu kakopa pikipiki kwa kuihesabia. Hela ilichelewa, pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Wewe unataka gemu. Una shamba? Umepalilia?

BintiMikindani
Mzee shikamoo. Lakini mimi nina swali kwa mtoa mada. Fundi kakutajia mbili, mimi nimekutajia njia nyingine, wewe kila ukijibu unarudi Victus. Na umesema majibu leo leo. Umeshalipa?

ChunoMpya
Sijalipa.

BintiMikindani
Kabisa?

ChunoMpya
Nimetoa kishika uchumba tu, laki sita. Dalali yupo Kariakoo, alisema kuna mtu mwingine anaitaka na leo saa nne usiku anamwachia. Jamani msinihukumu, huyu jamaa si tapeli. Ana wafuasi wengi, anajibu kwa heshima, kila meseji anaanza na salamu. Tapeli gani anakuuliza mzazi wako anaendeleaje?

Kangomba_Mstaafu
Wote.

Mzee_wa_Kiyangu
Na hiyo laki sita ni ya mshahara?

ChunoMpya
Mzee, hayo si mada. Ila kwa kuwa umeuliza: shamba la bi mkubwa kule Nanyamba limesajiliwa kwa jina langu, kwa hiyo malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti yangu. Alisema nimtunzie, atazihitaji kwenye palizi na kupulizia. Kupulizia ni mwezi wa sita huko. Mimi video za harusi zikianza kuingiza, nazirudisha kabla hata hajauliza. Nimepiga hesabu, inawezekana kabisa. Laptopu yenyewe ni kitendea kazi.

Mzee_wa_Kiyangu
Hesabu ya kula mbegu ukisubiri mavuno. Salfa ya kupulizia mikorosho hata ikitolewa kwa ruzuku, mpuliziaji anataka chake mkononi, na ugonjwa wa ubwiriunga haumsubiri bwana harusi alipe hela ya video. Mama yako anajua?

ChunoMpya
Atajua.

Shahidi_wa_Ligula
Samahani kwa kuwakatisha. Victus zinatengenezwa za 15.6 na za 16.1. Ya 17.3 haipo. RTX 3060 ya laptopu ina GB 6, ya GB 12 ni ya kompyuta za mezani. Kwa hiyo tunaambiwa mtu ananunua mashine isiyokuwepo, kwa hela ya mama asiyejua, kwa dalali asiye na jina, mwisho saa nne usiku. Hii ni hadithi, na imetungwa na mtu anayejua kutunga. Au mtoa mada ndiye dalali mwenyewe anapima bei. Subirini, sasa hivi itatokea akaunti mpya iseme "mimi nilinunua kwake, ni mwaminifu".

Kangomba_Mstaafu
Mimi nilinunua kwake, ni mwaminifu.

KoroshoGhafi
😂😂 Mtwara kuchele!

ChunoMpya
Mimi sijatunga kitu. Hayo maneno ya 17.3 na GB 12 nimeyanakili kutoka kwenye tangazo lake neno kwa neno. Mnaniona mwongo kwa sababu gani?

Fundi_Magomeni
Shahidi, kwenye vipimo uko sahihi. Ila mtu anaweza kusema kweli na bado akawa anaibiwa. Kuna wanaotuma picha walizookota na maelezo ya mashine tatu tofauti.

ChunoMpya, fanya hivi. Mwambie dalali aiwashe, aandike dxdiag, amri ya Windows inayoonyesha vipimo vya mashine, na arekodi video moja bila kukata: modeli ionekane kwenye ukurasa wa kwanza, kisha aende kwenye kurasa za onyesho mpaka ionekane ile ya NVIDIA na kumbukumbu yake. Halafu atoe ripoti ya betri kwa amri ya powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo iliozaliwa nao na uliobaki. Mwenye mashine anamaliza yote kabla chai haijapoa. Hela iliyobaki usitume hata shilingi.

ChunoMpya
Nimemwambia. Anasema kuiwasha hawezi kwa sasa, chaja imebaki kwa mteja. Ila nikiongeza laki tatu usiku huu anaipandisha basi la alfajiri.

BintiMikindani
Kaka.

ChunoMpya
Najua mtasema nini. Lakini chaja kusahaulika kwa mteja ni kitu kinatokea.

Shahidi_wa_Ligula
Endelea kutunga, unatunga vizuri.

Fundi_Magomeni
Una mtu wako Dar? Aende akaione kwa macho, na kama haipo adai laki sita uso kwa uso. Akizungushwa, aende polisi na meseji zote pamoja na ujumbe wa muamala. Usifute kitu.

ChunoMpya
Yupo shemeji, anauza vitenge Mtaa wa Kongo.

Fundi_Magomeni
Hapo hapo Kariakoo! Si umpigie sasa hivi?

ChunoMpya
Nikimpigia shemeji, dada anajua. Dada akijua, bi mkubwa anajua kabla sijakata simu.

Mzee_wa_Kiyangu
Piga.

KoroshoGhafi
Fundi, samahani nje ya mada. Hiyo AN517 unayo dukani? Mimi hela ni yangu, mke anajua.

Fundi_Magomeni
Ipo moja, 3050, betri imechoka kidogo. Njoo kesho uipime mwenyewe, dxdiag na yote. Bando uje nalo.