MREJESHO: Kigoma hadi Tabora kwa treni, kisha Kwihara kwa miguu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza humu kama mtu wa Kigoma anaweza kupanda treni, akashuka Tabora, akatembea hadi tembe (nyumba ya kale ya paa bapa) la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, kule Kwihara, na Jumatatu akawa kazini. Jibu: inawezekana, ila kwa kujibana.

Aliyenionya kwamba treni si ya kila siku alisema kweli. Kwenda nilipata ya usiku, ikachelewa kuondoka (sikushangaa), na kurudi ikanibidi nipande basi. Daraja la tatu beba shuka, baridi ya alfajiri haina adabu. Uvinza watu walikimbilia madirisha na chumvi kwenye vifuko. Jirani yangu wa kiti alinunua vitano, akaniegemezea miguuni hadi Urambo.

Stesheni ya Tabora nilikunywa chai na chapati, nikaanza mguu. Ni kama kilomita sita, njia ya vumbi jekundu, miembe huku na huku. Bodaboda walinipigia honi kila dakika: "Bosi, unatembea kwa nini?" Tembe lenyewe ni la udongo, rangi ya kutu, na mlango wa nakshi kama wa Pwani. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walikaa humo 1872, baada ya kukutana Ujiji, hapa jirani na Kigoma, 1871. Yaani nimesafiri zaidi ya kilomita 400 kufuata watu walioanzia jirani yangu!

Aliyeniambia nibebe maji ya kutosha, ahsante mkuu. Asali nimekuletea.