Tupeane uzoefu: kubadilisha mwenyewe bomba la sinki la bafuni

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, nimebadilisha bomba la sinki la bafuni kwa mikono yangu, na kilichonishangaza ni kwamba kulifunga jipya kulikuwa kazi ndogo, ilhali kulifungua lile kuukuu ndiko kulikokula muda. Maelekezo mengi huimaliza hatua hiyo kwa maneno machache: “Ondoa bomba la zamani.” Kwa mtu aliyelala chali ndani ya kabati, bomba la maji machafu likimgusa shavu na kutu ikimdondokea kwenye miwani, maneno hayo ni dhihaka tupu.

Nati iliyolibana bomba langu kwa chini ilikuwa imeganda kwa kutu na chokaa ya maji, na kati ya beseni na ukuta hapakuwa na nafasi ya kuzungusha spana ya kawaida. Kilichonisaidia ni spana ya sinki, ile yenye mpini mrefu na taya ndogo inayogeuka upande wa juu, pamoja na mafuta ya kulegeza kutu niliyoyaacha yapenye usiku kucha. Asubuhi nati ilitoa mlio mkavu, ikaanza kuzunguka. Je, wenzangu ilikukwamieni wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Mimi nati haikunisumbua. Iliyonisumbua ni koki ya kufungia maji chini ya sinki. Ilikuwa haijaguswa kwa miaka mingi, na hata nilipoizungusha hadi mwisho maji yaliendelea kuchuruzika. Ilinibidi nifunge koki kuu ya nyumba, nifungue bomba lililo chini kuliko yote ili maji yaliyobaki yatoke, kisha nibadilishe na koki yenyewe. Tangu hapo humshauri kila mtu azijaribu koki hizo kabla hajanunua chochote, tena kwa mkono, kwa sababu koki iliyoganda ikilazimishwa kwa spana huweza kukatika shina.

Mchangiaji wa pili
Msisahau vipimo. Kwenye sinki ya matundu matatu, pimeni kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya tundu la kulia: mara nyingi mtapata inchi 4, yaani takriban milimita 102, au inchi 8, na bomba la kipimo kimoja halikai kwenye kingine. Muuzaji aliniapia kwamba yote yanaingia popote. Futi yangu ya kupimia haikukubaliana naye.

Mchangiaji wa tatu
Nina neno kuhusu tepu nyeupe ya kuzibia uzi, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo nati hujifungia, ambayo naona watu wanaizungusha kila mahali. Nati ya mpira wa kuunganishia, ule uliovikwa nyuzi za chuma, ina washa, yaani kipete laini cha kuzibia, ndani yake, na washa hiyo ndiyo inayozuia maji. Tepu haiongezi chochote hapo, na ikirundikana huweza hata kuzuia nati isikae sawa. Tepu ina kazi pale ambapo uzi wenyewe ndio unaoziba, kwa mfano koki inapoingia kwenye bomba la ukutani, na huzungushwa kufuata mwelekeo wa kukazia. Nati yenye washa mimi huikaza kwa mkono hadi mwisho, kisha huiongeza kidogo tu kwa spana, huku nimeushika mpira usijisokote. Baada ya kufungulia maji hupitisha karatasi laini kavu kwenye kila kiungo, kwa kuwa tone ambalo jicho halilioni katika giza la kabatini huonekana mara moja kwenye karatasi.

Mchangiaji wa nne
Bomba langu jipya halivuji popote, ila maji yanatoka kinyonge kuliko ya lile la zamani, ingawa koki zote mbili zimefunguliwa hadi mwisho. Tatizo ni nini?

Mwanzisha mada
Anza na kichujio kilicho kwenye mdomo wa bomba. Kazi kama hii hutikisa kutu na mchanga uliotulia ndani ya mabomba, na vyote huenda kunasa hapo. Kifungue, uache maji yatoke kwa nguvu kwa dakika moja hivi, ya moto na ya baridi, uoshe kile kiwavu, kisha ukirudishe pamoja na washa yake.