Mke wangu atajifungua Novemba na tunaishi chumba kimoja: nihame sasa au nisubiri?

Baba Mtarajiwa, Mbagala
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mke wangu tumepanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji sita wanaotumia choo kimoja na bomba moja la uani, na kwa miaka miwili hatukuona tabu. Sasa ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kila usiku nakipima chumba kwa macho. Linalonikosesha usingizi zaidi ni ujio wa mama mkwe. Amekwisha kutuma salamu kutoka Muheza kwamba atakuja kumlea mwanawe siku arobaini, nami nashukuru kwa moyo wote, lakini siwezi kulala chumba kimoja na mkwe wangu, wala siwezi kumwambia asije. Nimeona chumba na sebule Chanika kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 840,000, nazo ndizo fedha nilizoziweka kwa ajili ya uzazi.

Mama wa Wanne, Ilala
Mwanangu, fedha ya uzazi usiiguse. Wanangu wawili wa kwanza niliwalelea chumba kimoja Buguruni. Tulitundika pazia katikati, mimi na mama yangu tukalala na mtoto, na baba yao akahamia kwa ndugu yake mtaa wa pili mpaka arobaini ikaisha, akija kila alfajiri kututekea maji kabla ya kwenda kazini. Hakuna aliyemcheka, kwani mkwe huheshimiwa hivyo. Kama mnaona afadhali mkeo akajifungulie kwao, amueni mapema na aende na kadi yake ya kliniki, kwa sababu safari ya basi hadi Muheza katika mwezi wa tisa wa mimba siishauri hata kidogo.

Mkunga, Morogoro
Mtoto mchanga hana haja na sebule. Anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, chandarua chenye dawa, na watu wanaonawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata. Katika chumba kimoja mimi nahofia jiko. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, wala lisiwekwe chumbani kumpasha mzazi joto huku mlango umefungwa, kwa maana mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Mkazi wa Chanika
Kaka, mimi nilihamia huku mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane, kwa sababu kama zako. Nyumba ni nzuri, lakini kazi yangu iko Kariakoo, natoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, na mke wangu akawa anashinda peke yake kati ya majirani asiowajua. Uchungu ulipomshika usiku nilihangaika karibu saa nzima kupata bajaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, ila baba anahakikishiwa siku 3 tu, kwa hiyo ya nne nilikuwa kazini nikimwaza. Hao wapangaji unaowaona ni msongamano ndio watakaomsikia mkeo akiita. Ningekuwa wewe, ningetafuta chumba cha pili humo humo kwa miezi miwili.

Baba Mtarajiwa, Mbagala
Nawashukuru sana, hasa wewe mama. Jirani yetu wa chumba cha mbele huenda kwao Lindi kila msimu wa korosho, na leo amekubali nilale kwake kuanzia Oktoba mpaka atakaporudi, nami nitamlipia kodi ya miezi hiyo. Mke wangu amefurahi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kumbe naye hakutaka kuhama. Jiko nimekwisha kulitoa nje.